Tulisikiliza Habari za Mars Hill, Tukaanza Kuulizana za Kwetu

Podikasti iliyotukusanya kila Jumamosi jioni sebuleni kwa mzee wetu wa kanisa, hapa Kent katika jimbo la Washington, inaitwa The Rise and Fall of Mars Hill. Ilianza kutolewa Juni 2021 na jarida la Christianity Today, msimulizi wake akiwa Mike Cosper. Inaeleza habari za Mars Hill, kanisa lililozaliwa Seattle mwaka 1996, likakua hadi kuwa na matawi 15 katika majimbo matano na waumini zaidi ya 12,000 kila wiki, kisha likavunjwa moja kwa moja mwanzoni mwa 2015. Mchungaji wake mkuu, Mark Driscoll, alijiuzulu Oktoba 2014, na haikupita miezi mitatu kanisa likawa halipo tena.

Sisi ni kanisa dogo la Kiswahili. Wengi wetu ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu kule Tanzania na Kakuma kule Kenya, wapo Warundi, Wakenya, na Watanzania wachache. Kutoka kwetu hadi Seattle ni kama nusu saa kwa gari barabara ikiwa haina foleni, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusali Mars Hill. Wazee wengi hawafuati Kiingereza cha haraka, kwa hiyo mimi, kwa kuwa ni katibu, nilikuwa nasikiliza kipande, nasimamisha, naeleza kwa Kiswahili, kisha tunaendelea. Kipindi kimoja kilikula jioni nzima. Nashukuru kwamba ilikuwa hivyo, maana pale tuliposimama ndipo watu walipozungumza, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyonifundisha mengi kuliko podikasti yenyewe.

Niliona mapema kwamba kila mtu husikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kanisani. Mhazini wetu, mama anayefanya uuguzi zamu ya usiku na kuhesabu sadaka Jumapili mchana, hakushtushwa na ukali wa mimbarani. Alishtushwa na dola 210,000. Hicho ndicho kiasi ambacho kanisa lilikubali kuilipa kampuni moja ili kitabu cha ndoa cha mchungaji na mkewe, kilichotoka mwaka 2012, kipenye kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times. Kikapenya kweli. Habari ilifichuka mwaka 2014. Mama aliniomba nirudie kipande hicho, nikarudia, akauliza, “Ni nani aliyeweka sahihi?” Hakuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Alitaka kujua karatasi ilipita mezani kwa nani. Ndiye pia aliyetueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: hapa Marekani mashirika mengi ya hisani hupeleka kila mwaka taarifa ya fedha kwa mamlaka ya kodi, na raia yeyote anaweza kuisoma, lakini makanisa yamesamehewa kupeleka taarifa hiyo. Muumini asipouliza zilikokwenda sadaka zake, hakuna serikali itakayomuulizia.

Vijana walisikia kipaji. Driscoll alikuwa mzungumzaji hodari, mcheshi, mwenye majibu ya haraka, na aliwaambia vijana wa kiume mambo ambayo baba zao hawakuwaambia: amkeni, tafuteni kazi, oeni, acheni utoto. Kijana mmoja aliyekulia Kakuma alisema waziwazi, “Dada katibu, mimi huyu ningemfuata.” Wazee wakaguna. Mimi nilimshukuru mbele yao. Watu elfu kumi na mbili hawajazani kanisani kwa ajili ya ubaya wa mchungaji. Wapo walioacha ulevi pale, wapo ambao ndoa zao zilipona, na waliohojiwa kwenye podikasti hawalifichi hilo hata kidogo. Ukimsimulia kijana habari za anguko bila kumsimulia habari za mvuto, hujamkinga. Siku atakapokutana na mchungaji wa namna hiyo hatamtambua, kwa sababu atamwona kama mtu aliyemwinua alipokuwa chini.

Kuna mahali podikasti inacheza kipande cha mahubiri ya mwaka 2009. Driscoll anawafokea wanaume kwa sauti ya juu kabisa, anawauliza wanathubutuje, wanadhani wao ni nani. Kabla sijasimamisha, mama mmoja wa kwaya aliinuka akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta anaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Akasema bila kugeuka, “Sauti hiyo naijua, dada. Na yule aliyesomewa barua hapa kanisani, naye anaijua.” Nilielewa mara moja anamsema nani. Sikumjibu usiku ule, lakini maneno yake yalikaa nami katika vipindi vyote vilivyofuata.

Kwa wanawake, jambo lililouma zaidi lilikuwa la mwaka 2006. Mhubiri mmoja maarufu wa Colorado, Ted Haggard, alipoanguka kwa kashfa, Driscoll aliandika kwamba si ajabu kukutana na wake za wachungaji ambao wamejiachia na hawajitunzi, akiongeza kwamba mke wa namna hiyo hawajibiki kwa dhambi ya mumewe lakini huenda pia hamsaidii. Nilipoeleza hayo kulikuwa na ukimya, kisha Mama Mchungaji, ambaye kwa kawaida hazungumzi wazee wanapozungumza, akasema, “Kwa hiyo mwanamume akianguka, kosa linarudi jikoni.” Kina mama walipiga makofi. Mchungaji aliinamisha kichwa, na kwa namna nimjuavyo najua hakuwa amekasirika.

Upinzani ulikuwepo pia, na sitaki kuudharau. Mchungaji mmoja mgeni kutoka ushirika mwingine alihudhuria mara moja tu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akafungua Mwanzo sura ya tisa. Nuhu alilewa akalala uchi hemani. Hamu akauona uchi wa baba yake akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika. “Ninyi mnafanya kazi ya Hamu,” alisema. Mzee mwenye nyumba alitikisa kichwa kukubali, akaongeza ule mstari wa Zaburi ambao sote tumelelewa nao, msiwaguse masihi wangu.

Hoja hiyo ina nguvu kwetu. Tumetoka kwenye jamii ambazo mtoto hasimulii ya baba yake nje, na kambini mchungaji ndiye aliyekuwa anatuandikia barua, anatuzikia maiti, anatuombea chakula. Heshima hiyo si upumbavu. Lakini kijana wetu mmoja, mpole sana, alimwomba mgeni ruhusa akauliza: Nuhu alijilewea mwenyewe hemani mwake. Je, kama angetoka na fimbo akawapiga watoto, Shemu na Yafethi wangefanya nini? Wangewafunika watoto au wangeifunika fimbo? Mgeni alisema swali hilo halimo kwenye Maandiko. Mhazini akamsomea barua ya kwanza ya Paulo kwa Timotheo, sura ya tano, panapoagizwa kwamba mzee asishitakiwe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na kwamba wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Mbele ya wote, alirudia. Hawakupatana. Mgeni alikunywa chai yake, akatuombea, akaondoka, na hatukugombana naye.

Kipindi kilichobadilisha jioni zetu ni kile kinachoeleza mambo ya mwaka 2007. Kanisa lilikuwa linabadilisha katiba yake ili mamlaka yatoke kwa baraza zima la wazee na kuwa mikononi mwa wachache walio karibu na mchungaji mkuu. Wazee wawili, Paul Petry na Bent Meyer, waliuliza maswali. Wote wawili wakafukuzwa kazi. Petry alishitakiwa mbele ya wazee wenzake, na baadaye waumini wakaagizwa wajitenge naye na wasishirikiane naye kama zamani. Katika siku hizo hizo Driscoll alirekodiwa akisema kwamba nyuma ya basi la Mars Hill kuna lundo la maiti, na kwa neema ya Mungu litakuwa mlima kabla hawajamaliza. Mtu ama apande basi, ama basi limpitie. Sauti yake ipo, podikasti inaicheza, na hasikiki kama mtu aliyeteleza ulimi.

Niliyaeleza maneno hayo polepole. Mzee mwenye nyumba aliuliza, “Na waumini walifanya nini?” Nikamwambia wengi walibaki. Walikuwa na vikundi vya nyumbani, watoto walikuwa na marafiki pale, kazi ilikuwa inasonga mbele, na taarifa waliyopewa ilikuwa ya upande mmoja. Akauliza tena, “Miaka mingapi?” Miaka saba. Novemba 2014, Driscoll akiwa ameshaondoka na kanisa linavunjika, wazee wa zamani zaidi ya kumi waliandika barua ya wazi kwa Petry na Meyer wakikiri kwamba waliwakosea, wakaomba msamaha. Waliwakosea hadharani, wakaomba radhi hadharani, majina yao yakiwa chini ya barua.

Ndipo yule mama wa kwaya alipoyasema mbele ya wote yale aliyoniambia jikoni.

Miaka kadhaa nyuma, kabla mimi sijawa katibu na kabla ya mchungaji wetu wa sasa, kiongozi mmoja wa kwaya aliuliza kwenye mkutano wa washirika zilipo fedha zilizochangwa kununua gari la kubeba wazee na watoto. Fedha zilichangwa, gari halikuonekana. Jumapili chache baadaye ikasomwa barua mimbarani kwamba ana roho ya uasi na ametengwa na ushirika. Hakuitwa kikaoni, wala hakukuwa na mashahidi wawili. Aliondoka na watoto wake, na sisi tulioingia baadaye tuliambiwa tu kwamba ni mtu mwenye matatizo.

Mzee mwenye nyumba aliinuka. Nilidhani anafunga kikao. Aliingia chumbani akarudi na faili la kijani, lile la zamani lenye vyuma viwili, akafungua, akaweka karatasi moja mezani. Ilikuwa nakala ya barua ile. Mhuri wa kanisa ulikuwa umepigwa upande, wino wake umefifia, na chini yake kulikuwa na sahihi tatu. Aliweka kidole juu ya ya mwisho akasema, “Hii ni yangu.” Huyu ndiye aliyekuwa ametusomea habari za masihi wa Bwana. Hakulia, wala hakujitetea kwamba aliagizwa. Alisema alisaini bila kumsikiliza yule mama hata mara moja, na kwamba Jumamosi zote tulizokuwa tukiwasikiliza watu wa Seattle yeye alikuwa anamsikiliza huyo.

Nalitafakari sana jambo hili. Ningekuwa nimeitisha kikao cha kuzungumzia makosa ya kanisa letu, faili lile lisingetoka chumbani. Watu wangejigawa kwa ukoo na kwa kabila, wa huku wakimtetea huyu, wa kule wakimtetea yule. Mars Hill ilikuwa ya Wazungu, ilikuwa imeshafungwa, hakuna aliyekuwa na shemeji pale. Tuliweza kulaumu, kutetea, kuuliza na kubishana bila kumpoteza jirani. Tulipolirudia la kwetu tulikuwa tumeshazoea kuuliza: nani aliweka sahihi, nani hakusikilizwa, nani aliambiwa upande mmoja.

Jirani yetu Mhabeshi, anayekuja kwetu mara moja moja kwa sababu mumewe ni Mkenya, alitupa swali jingine. Mars Hill walikuwa na mfuko walioutangaza kwa picha za huduma huko Ethiopia na India. Mwaka 2014 watu walipobana, kanisa lenyewe lilikiri kwamba sehemu kubwa ya matumizi ilikuwa kufungua matawi hapa Marekani. Mama huyu alikasirika kuliko yeyote kati yetu, na alikuwa na haki. “Nyuso zilikuwa zetu,” alisema. Akatuuliza kama sisi nasi, tunapochangisha kwa ajili ya kambi, tunawapelekea watu wa kambini hesabu. Hatukuwa tunawapelekea. Sasa tunapeleka, kwa ujumbe wa sauti unaosomwa na mhazini kwa Kiswahili, kiasi kilichopatikana na kiasi kilichotumwa, na wao hujibu kama kimefika.

Ni haki niseme pia kwamba wasikilizaji wetu hawakuimeza podikasti nzima bila kutafuna. Mzee mmoja alilalamika kwamba Driscoll hakuzungumza humo. Hakuhojiwa, kwa hiyo tunamsikia kwenye rekodi za zamani tu. Wengine waliona muziki na uhariri wake vinafanya maumivu ya watu yawe burudani ya safarini. Kisha Machi 2022 jarida lile lile la Christianity Today lilichapisha uchunguzi dhidi yake lenyewe: kwa zaidi ya miaka 12 wanawake waliofanya kazi pale walikuwa wametoa malalamiko ya kusumbuliwa na viongozi wawili, na hatua za maana hazikuchukuliwa. Vijana walitaka tuache kusikiliza. Mimi nilisimama upande wa kuendelea, na bado nipo pale. Jarida lililoandika ya kwake kwa kalamu ya mwandishi wake lenyewe limefanya jambo ambalo makanisa machache yamelifanya, ingawa wale wanawake walilisubiri kwa miaka mingi mno.

Na Aprili 2023, habari za Shakahola zilipotoka kule Kilifi, Wakenya wetu waliomba tukutane tena. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja anayedaiwa kuwaagiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni. Baadhi walitaka kuziunganisha hadithi hizi mbili, wakisema mwanzo wake ni mmoja. Nilikataa na ninaendelea kukataa. Wazee waliomchunguza Driscoll walisema alikuwa na kiburi, hasira za haraka na ubabe, na wakasema pia kwamba hakushitakiwa kwa uzinzi wala kwa kuvunja sheria. Kuyaweka hayo kapu moja na watoto waliokufa kwa njaa ni kuwakosea wafu, na pia ni kuwapa wachungaji wababe mahali pa kujificha: mradi sijaua mtu, mimi ni mwema. Jioni ile hatukucheza podikasti yoyote. Tuliomba, na mama mmoja wa Malindi akatusimulia ya kwao.

Kumrudia yule kiongozi wa kwaya kulichukua muda. Mzee mwenye nyumba, mama wa kwaya na mchungaji walimtembelea nyumbani kwake. Hakuwafukuza. Aliwapa soda, akawasikiliza, akasema ameshasamehe siku nyingi, lakini ana ombi moja: barua ile ilisomwa Jumapili mbele ya watu wote, na watoto wake walikuwepo. Anataka ifutwe Jumapili mbele ya watu wote, na isomwe na mmoja wa walioisaini.

Kikao cha wazee kilibishana vikali. Walisema ameshasamehe, ya nini tena kufukua. Walisema wageni watatuonaje. Walisema mchungaji aliyepita bado yu hai na ana jina. Mchungaji wetu wa sasa, ambaye alikuwa na mengi ya kuogopa kwa kuwa kila kinachosemwa juu ya mchungaji kinamgusa naye, alisema barua itafutwa, na kwamba kuanzia sasa malalamiko dhidi yake mwenyewe yatapelekwa kwa watu watatu ambao si ndugu zake wala hawakuteuliwa na yeye. Aliomba wawili kati yao wawe wanawake. Washirika wakawachagua kwa kura.

Jumapili ilipofika, mzee alisimama pale pale mimbarani na faili lake la kijani. Aliisoma barua ya zamani yote, ili waliokuwepo wakumbuke na ambao hawakuwepo waelewe, kisha akasoma mpya: kwamba mama huyu hakuwa muasi, aliuliza swali la haki, na aliyesaini hapa alimshuhudia uongo. Kina mama walipiga vigelegele. Yeye mwenyewe alikuja na binti yake, lakini hajarudi kuabudu kwetu. Ana kanisa lake sasa, amepata amani huko, na hakuna aliyemshawishi arudi.

Alipokuwa anatoka nilimsindikiza hadi mlangoni. Alinishika mkono akauliza, “Na zile fedha za gari, dada, mmezipata?” Nikamwambia bado. Mhazini ameomba benki taarifa za akaunti ya zamani, zile zinazoweza kupatikana, na anazilinganisha na daftari la michango. Atakachokipata kitasomwa kwenye mkutano wa washirika, kiwe kizuri au kibaya, na nakala yake nitampelekea mwenyewe nyumbani.